Maswali Yenu: Nani Atakalia Kiti cha Tauke?

Toleo lililopita lilikuwa na makala kuhusu maduka madogo ya Wachina wa Penang, kisiwa cha Malaysia, na Singapuri: wauza kahawa, wapika wali kwa kuku, watengenezaji wa mchuzi wa soya, na jinsi mzee mwenye duka, ambaye huko huitwa tauke, anavyomwachia mwanawe kazi. Barua zimemiminika, na nyingi zinauliza mambo ya vitendo. Tumechagua sita na kuzifupisha.

SWALI: Mlitaja msemo wa Kichina kwamba utajiri hauvuki vizazi vitatu. Si ni uvivu wa wajukuu tu? (Msomaji, Zanzibar)

Msemo upo, *fu bu guo san dai*, na wajukuu wavivu wapo pia. Lakini lawama kubwa inaiangukia hesabu ya kugawanya. Kwa mila, na kwa sheria za enzi za Ming na Qing, watoto wote wa kiume waligawana mali ya baba sawasawa, awe wa mke wa ndoa au wa suria. Binti aliondoka na vitu vyake vya kuolewa. Siku ya kugawana aliitwa shahidi, mara nyingi mjomba, kwa kuwa yeye hana fungu katika mali ya ukoo wa shemeji yake. Mali ilipangwa mafungu yenye thamani inayokaribiana, ndugu wakaokota vikaratasi vilivyokunjwa, hati ikaandikwa, kila mmoja akabaki na nakala yake. Wazazi walitengewa fungu la uzeeni. Tangu hapo kila ndugu aliwasha jiko lake. Wakishatenganisha meko wametengana, hata kama bado wanalala chini ya paa moja.

Shamba linakatika vipande. Duka halikatiki, kwa hiyo hugawanywa hisa. Chukua duka la mtu mmoja mwenye wana wanne: kila mmoja ana asilimia 25. Kila mwana akizaa watatu, wajukuu 12 wana asilimia 8.33 kila mmoja. Kati ya hao 12 wanaofungua mlango alfajiri huenda ni wawili. Wawili wanataka kununua friji mpya, kumi wanataka gawio. Hapo hakuna mvivu wala mlevi, na duka linakufa.

Duka la dawa za mitishamba la Eu Yan Sang lilianza Gopeng, Perak, huko Malaysia, mwaka 1879. Eu Tong Sen, mtoto wa mwanzilishi, alifariki mwaka 1941 na biashara ikawaangukia wanawe 13. Miaka ya 1990 mjukuu wake na jamaa zake ndio waliohangaika kuinunua upya na kuikusanya. Lee Kum Kee, iliyoanza mwaka 1888 na mchuzi wa chaza huko Nanshui, Guangdong, ilipasuka mara mbili, miaka ya 1970 na ya 1980, na kila mara upande mmoja ulilazimika kuununua mwingine. Baada ya hapo ndipo familia ikaweka baraza lake na masharti yaliyoandikwa. Sharti moja hata mwenye genge anaweza kuliiga: kijana afanye kazi kwa watu wengine miaka 3 hadi 5 kwanza, na akirudi aanzie chini kama mwajiriwa yeyote.

SWALI: Shikamooni. Mama yetu ana mgahawa wa pilau na hapimi kitu, ni mkono tu. Mlisema wapishi wa Penang nao ni hivyohivyo. Wanaoachiwa jiko huko hujifunzaje kabla mzee hajaondoka? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Huko wana neno lake la Kimalay, *agak-agak*, yaani kukisia. Kosa la kwanza la mrithi ni kumuuliza mzee, "Unatia kiasi gani?" Atajibu vijiko viwili, na hatii viwili. Hakudanganyi. Mkono wake unajua jambo ambalo mdomo wake haujawahi kulisema.

Basi usiulize, pima. Weka kopo la chumvi kwenye mizani kabla hajalishika, na likirudi lipime tena. Kilichopungua ndicho alichotia. Fanya hivyo kwa kila kopo na kila chupa kwa siku kumi za kazi. Siku ya mapumziko haifai, maana akijua anafundisha hupika polepole na kwa mashauzi. Unahitaji mizani mbili: moja ya jikoni ya kilo 5, nyingine ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kwa viungo. Kama anatumia upawa au kikombe chake cha bati chenye kibonyeo, kijaze maji uyapime: gramu 180 za maji ni mililita 180. Andika hilo leo, kwa sababu chombo hicho kikipotea kipimo chote kimepotea nacho.

Tuseme kwa sufuria ileile chumvi imecheza kati ya gramu 44 na 52. Andika 48, na pembeni andika mpaka wa chini na wa juu. Siku moja ikiruka hadi 60, usiifute. Hiyo ndiyo siku ya kuuliza: "Leo mbona umeongeza?" Mzee asiyeweza kukwambia kiasi anaweza kukwambia sababu. Kuku walikuwa wakubwa, au supu ilikuwa bado changa, au chumvi ya mfuko mpya ni ya chembe kubwa. Sababu hizo ndizo mapishi yenyewe.

Halafu moto, ambao mizani haiuoni. Angalia kuku wa Kihainani, yule wa kuliwa na wali. Kuku wa kilo 1.6 hadi 1.8 hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka, akainuliwa maji ya tumboni yamwagike, akatumbukizwa tena, mara tatu hivi, ili ndani nako kupate joto. Kisha moto unashushwa mpaka maji yatetemeke bila kutokota, nyuzi 80 hadi 85 za Selsiasi, kwa dakika 40 hadi 45. Paja penye nyama nene lifike nyuzi 75. Akitoka anazamishwa kwenye maji ya barafu dakika 10 hadi 15, ngozi ikaze na utando wa mafuta ugande chini yake. Mrithi anayeharakisha huacha maji yatokote: ngozi inapasuka, kifua kinakuwa kama pamba. Mrithi anayebana matumizi hupunguza barafu: kuku anaendelea kujipika mwenyewe mezani, na ngozi inalegea. Mzee hatumii kipimajoto, anasikiliza sufuria. Wewe tumia kipimajoto mpaka sikio lako lizoee.

Mwisho, badilisha kila kitu kiwe kwa kilo moja ya nyama au lita moja ya maji. Ila ukipika mara tatu, maji usiyazidishe mara tatu kwa upofu, kwa sababu yanayopotea kwa mvuke hutegemea upana wa mdomo wa sufuria na muda wa kukaa motoni. Sufuria moja kubwa hupoteza kidogo kuliko tatu ndogo, na ndiyo maana chakula cha harusi cha mpishi mzuri wa kila siku hutoka majimaji. Andika pia jina la bidhaa unayonunua. Chupa ya mchuzi wa soya ya kiwanda kingine ina chumvi tofauti, na wateja wanahisi kabla yako.

Kwa wanaotengeneza mchuzi wenyewe, siku kumi hazitoshi kitu. Soya huloekwa, hupikwa, huchanganywa na unga wa ngano, huachwa iote ukungu kwa siku kadhaa, kisha huzamishwa kwenye maji ya chumvi na kuanikwa juani ndani ya mitungi kwa miezi. Kosa la leo unalionja baada ya nusu mwaka. Mrithi wa kazi hiyo lazima aingie mapema, mzee akiwa bado na nguvu za kufunua mitungi.

SWALI: Kibanda cha chakula Singapuri, mtoto anaweza kukirithi kama tunavyorithi fremu sokoni? (Msomaji, Morogoro)

Si kama fremu. Wachuuzi wa barabarani walihamishiwa kwenye vituo vya chakula kati ya mwaka 1971 na 1986, na vibanda vingi ni vya serikali. Leseni ni ya mtu, si ya familia. Mwenye nayo anatakiwa kufanya kazi mwenyewe, na kupangisha kwa mlango wa nyuma ni kosa. Kwa hiyo mzee akilala hospitalini miezi miwili bila kuandikisha msaidizi, anaweza kukuta amepoteza kibanda huku sahani zake zikiwa bado rafuni. Hatua ya kwanza ya mtoto ni kuandikishwa kama msaidizi, ya pili ni kuomba uhamisho mzee akiwa hai na ana akili timamu.

Shida kubwa zaidi ni kwamba mtoto hataki. Umri wa kati wa wachuuzi hao unakaribia miaka 60. Kazi huanza usiku wa manane kwa kuchemsha supu, ukumbi ni wa joto, na bei ya sahani haipandi kirahisi kwa sababu wateja hununa. Mzee mwenyewe alimsomesha mtoto ili asishike upawa. UNESCO iliutia utamaduni huo kwenye orodha yake Desemba 2020, heshima nzuri, lakini haikuongeza mikono jikoni. Mwaka 2022 serikali ikaanzisha mpango wa kuwakutanisha wazee wasio na mrithi na vijana wasio ndugu zao. Kijana anafundishwa, kisha anachukua kibanda. Kwa maoni yetu hilo lilichelewa, lakini ni la busara kuliko kumlazimisha mhasibu akaange tambi.

SWALI: Ninaagiza mabegi Guangzhou. Mzee tuliyefanya naye kazi miaka tisa amestaafu, sasa binti yake ananiandikia. Nimeshalipa asilimia 30 ya mzigo. Nifanye nini? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Kwanza, usishangae kuwa ni binti. Sera ya mtoto mmoja ilidumu kuanzia mwaka 1980 hadi 2015, na karakana nyingi za Guangdong na Zhejiang zina mrithi mmoja tu, awe wa kike au wa kiume.

Pili, kabla ya salamu za pongezi, hakikisha ni yeye kweli. Matapeli wakiingia kwenye barua pepe ya kiwanda hupenda sana habari hii: baba amestaafu, tumebadilisha akaunti, tuma salio huku. Mpigie mzee kwa namba ile ya zamani, kwa video, mwone uso. Usitumie namba iliyo kwenye ujumbe mpya.

Tatu, omba picha ya leseni ya biashara, ya kabla na ya baada ya makabidhiano. Itazame kwa makini. Ina namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18, jina la biashara, aina yake, na jina la mwakilishi wa kisheria au la mwendeshaji. Unaweza kuilinganisha na rejesta ya serikali ya China iliyo wazi mtandaoni. Mstari wa aina ndio muhimu kuliko yote. Kama ni kampuni ya dhima yenye kikomo, mwakilishi amebadilika lakini kampuni ni ileile. Namba 18 hazibadiliki, na asilimia 30 yako bado ni deni la kampuni.

Kama ni biashara ya mtu binafsi, ambayo Wachina huiita *getihu*, mambo ni mengine. Zamani mwendeshaji akitaka kubadilika ilibidi kufuta usajili na kusajili upya, isipokuwa kwa mabadiliko ndani ya familia. Tangu tarehe 1 Novemba 2022 kanuni mpya inaruhusu kumbadilisha mwendeshaji moja kwa moja. Kanuni hiyo inawataka wamalize kodi na kuyapanga madeni ya awali bila kumdhuru mtu, lakini atakayekukumbuka wakati wa kupanga ni wewe mwenyewe. Dai karatasi moja fupi: tarehe na kiasi cha malipo uliyotuma, namba ya oda, na sentensi kwamba mwendeshaji mpya anaupokea wajibu huo. Mzee asaini, binti asaini, na upigwe muhuri mwekundu wa duara wa biashara.

Salio la asilimia 70 liende kwenye akaunti yenye jina lilelile la leseni, herufi kwa herufi. Akaunti binafsi ya binti, hata kama ni mkweli, itakunyima ushahidi.

Na mzigo wenyewe? Mzee akiondoka mara nyingi huondoka na fundi wake wa kukata ngozi. Omba begi moja la mfano kutoka karakana ya sasa, lilinganishe na la zamani: idadi ya mishono kwa sentimita, unene wa kitambaa cha ndani, zipu. Likikuridhisha, watengeneze la pili kama hilo, pande zote mbili msaini lebo za yote mawili, moja libaki kwao, la pili uje nalo. Hilo ndilo kipimo cha mzigo ukifika bandarini.

SWALI: Ndugu mmoja amebaki dukani miaka 15, wengine wako Australia. Mzee akifa bila wosia, kwa Wachina wa Malaysia anapewa zaidi? (Msomaji, Mombasa)

Sheria haihesabu jasho. Peninsula ya Malaysia na Sarawak, kwa wasio Waislamu, aliyekufa bila wosia akiacha mke na watoto tu, mke hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili sawasawa. Wazazi wa marehemu wakiwa hai, mke hupata robo, wazazi robo, watoto nusu. Singapuri mke hupata nusu, watoto nusu. Mabinti wamo sawa na wavulana, jambo linalowashtua wazee waliolelewa kwenye mila ya vikaratasi. Aliyeamka saa tisa usiku miaka 15 anapata sawa na aliyekuwa akituma kadi za mwaka mpya.

Kuna pigo linalotangulia hilo. Duka lililosajiliwa kwa jina la mtu mmoja halina uhai wake lenyewe. Mwenyewe akifa akaunti ya benki hufungwa mpaka msimamizi wa mirathi apate hati, na hiyo huchukua miezi. Wauza unga wanataka pesa wiki hii. Kwa hiyo familia zenye akili husajili kampuni mapema, na mtoto anayefanya kazi huwa mkurugenzi mwenye saini kabla ya mzee kuugua.

Dawa ya manung'uniko ni mshahara. Mtoto wa dukani alipwe tangu mwezi wa kwanza, mshahara ambao wangemlipa mgeni, na uandikwe. Faida ihesabiwe baada ya hapo. Familia nyingi hufanya kinyume: anakula na kulala bure, anaambiwa "hili duka ni lako", na siku ya matanga anagundua si lake.

Wakikubaliana mmoja abaki nalo, anawalipa wenzake kidogokidogo. Duka likithaminiwa ringgit 120,000, pesa ya Malaysia, na watoto ni wanne, kila fungu ni 30,000, na anayebaki anadaiwa 90,000. Akilipa 1,500 kwa mwezi ni miezi 60. Hilo linabebeka kama faida ya mwezi, baada ya mshahara wake, ni angalau mara mbili ya marejesho. Vinginevyo anawalipa ndugu zake kwa unga wa muuzaji. Wengine walikuwa wakichanga kwa *hui*, ambao ni upatu wetu huuhuu. Malaysia ilipiga marufuku kuendesha upatu wa biashara kwa sheria ya mwaka 1971, kwa sababu wasimamizi walikuwa wakitoroka na chungu, kisa ambacho hakuna wa kutusimulia sisi.

SWALI: Mzee amekabidhi duka lakini kila asubuhi yupo pale pale. Kuna utaratibu wa kuachia? Na madeni ya wateja? (Msomaji, Moroni)

Kinachoharibu ni kukabidhi funguo na kubaki na droo ya pesa. Wafanyakazi wanajua mara moja bosi ni nani. Utaratibu unaofanya kazi huanza na wauzaji wa bidhaa: mtoto aagize na kulipa mwenyewe miezi sita, mzee akiwa kando, ili wauzaji wazoee saini yake na wampe muda uleule wa kulipa. Halafu droo ya pesa, kisha mishahara, na mwisho bei. Mzee abaki na kazi moja yenye jina, kwa mfano kuonja supu asubuhi au kuchagua samaki, na akimaliza aende zake. Kumwambia "pumzika" bila kumpa kitu cha kushika ni kumvunjia heshima, na atarudi dukani kulipiza.

Kuhusu madeni, mfano mzuri uko jirani yenu Morisi. Maduka ya Wachina wa huko, wengi wao Wahakka wenye asili ya Meixian, yaliishi kwa daftari: mteja anachukua mchele na mafuta, kinaandikwa, analipa mwisho wa mwezi. Tatizo la kurithi daftari ni kwamba limeandikwa kwa alama za mzee. "Mama wa mwembeni" ni nani? Kabla ya makabidhiano kaeni nalo, ukurasa kwa ukurasa, kila jina la utani liandikiwe jina kamili na nyumba. Kisha kila mteja aonyeshwe salio lake mzee akiwa amesimama hapo, asaini au aweke alama. Mbele ya mzee hakuna atakayesema alishalipa. Deni ambalo halijaguswa kwa mwaka mzima lipigwe mstari, na lisiingizwe kwenye thamani ya duka ndugu wanapogawana.